Amana ya Aliyehama

Katika daftari la mahudhurio la darasa lolote lile hapakosekani jina lililopigwa mstari. Mwalimu huchukua rula na kalamu nyekundu, akapiga mstari mmoja ulionyooka, akaandika pembeni neno moja tu: "Amehama." Kazi hiyo haichukui hata nusu dakika, na kwa hesabu ya shule mambo yamekwisha. Lakini mwalimu akiinua macho yake ataona, mara nyingi katika madawati ya nyuma, mtoto mmoja ambaye kwake mambo hayakwisha. Ubavuni pake pana nafasi tupu. Hanyoshi mkono kujibu, wala hatoki mbio kengele ya mapumziko inapolia. Rafiki yake amekwenda zake.

Katika miaka yangu yote ya kufundisha huku Mafubira, pembezoni mwa mji wa Jinja, nimepiga mistari hiyo mingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Watu wa huku ni watu wa kuhamahama. Baba hupewa uhamisho wa kwenda Mbale. Kiwanda hupunguza wafanyakazi. Kazi ya miwa huko Kakira humalizika. Mama hurudi kwao Kamuli. Watoto huchukuliwa pamoja na vyombo vya nyumbani. Basi swali ninalotaka kuliweka mbele ya walimu wenzangu ni hili: rafiki wa utotoni anapohama, je, pana wajibu wowote unaobaki juu ya yule aliyeachwa? Au urafiki huo umekufa kifo cha kawaida, nasi watu wazima hatuna la kufanya ila kuuzika upesi?

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, kwani watoto hulia leo na kesho wakacheka. Mimi sikatai kwamba hucheka. Ninachosema ni kwamba katika siku chache zile zilizo baina ya kilio na kicheko, mtoto hufundishwa jambo juu ya thamani ya mtu, na aghalabu wanaomfundisha ni sisi, bila sisi wenyewe kujua. Ili nieleze kwa nini naamini hivyo, hapana budi nianze na habari zangu mwenyewe, ingawa hazinipi sifa.

Mwaka 1972 nilikuwa na umri wa miaka kumi. Rafiki yangu alikuwa mtoto wa Kihindi, na baba yake alikuwa na duka dogo la sukari, chumvi, mafuta ya taa na vitambaa, karibu na kwetu. Mimi nyumbani nilisema Kisoga, yeye alisema Kigujarati. Barazani mwa duka, kando ya fundi cherehani, tulikutana katika Kiswahili. Kilikuwa Kiswahili kibovu, ambacho leo ningekisahihisha kwa wino mwekundu ukurasa mzima, lakini kilitutosha kwa kila tulichokihitaji: kugombana, kupatana, kuhesabu gololi na kuambiana siri. Baadaye wazazi wengi wa Uganda walikuja kukikumbuka Kiswahili kuwa ni lugha ya askari kwenye vizuizi vya barabarani, na sisi tunaokifundisha tungali tukipambana na kumbukumbu hiyo hata baada ya katiba kukifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Mimi nilikijua kwanza kuwa ni lugha ya gololi.

Tarehe 4 Agosti, 1972, Idi Amin, akihutubia askari katika kambi ya Tororo, alitangaza kwamba Waasia wenye uraia wa Uingereza waondoke nchini. Walipewa siku 90. Amri hiyo ikapanuliwa kwa wengine, na hata katika wale waliodai kuwa ni raia wa Uganda, wengi walijikuta hati zao zimekataliwa. Kufikia mwisho wa muda huo, tarehe 8 Novemba, makumi ya maelfu ya watu walikuwa wamekwenda. Zaidi ya 25,000 kati yao walipokewa Uingereza, na wengine Kanada, Bara Hindi na kwingineko. Wala haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1970, katika wakati wa Obote, maelfu ya wafanyakazi wa kutoka Kenya walikuwa wameondoshwa Uganda, na majina ya watoto wao nayo yakapigwa mistari.

Siku chache kabla ya kusafiri, rafiki yangu alikuja kwetu na kopo la bati. Ndani yake mlikuwa na gololi zake zote. Tuliketi uani tukazihesabu pamoja, naye akazihesabu mara ya pili ili tusije tukabishana baadaye. Zilikuwa 41. Akaniambia, "Niwekee. Nikirudi tutahesabu." Hapo akaenda. Jioni ile mama aliniona nalia, akanifuta machozi kwa upande wa kanga yake, akasema kwa upole wote wa mzazi, "Nyamaza, mwanangu. Utapata mwingine."

Muhula uliofuata, mwalimu mmoja alituuliza darasani ni faida gani imepatikana kwa kuondoka kwa Wahindi. Nikanyosha mkono. Nikasema, "Walikuwa wezi, mwalimu. Walikuwa wakitupunja kwenye mizani." Darasa zima likapiga makofi, nami nikaketi kwa furaha. Katika duka lile, baba yangu alipokuwa mgonjwa, mama alipewa sukari na sabuni kwa mkopo miezi miwili, na hakuna aliyetutolea maneno. Nililijua hilo wakati mkono wangu ukiwa juu. Na nyumbani, chini ya kitanda, kopo lilikuwa mahali pake, na gololi zilikuwa 41, haikupungua hata moja.

Sitaki nieleweke vibaya. Yalikuwako malalamiko ya haki. Chini ya serikali ya kikoloni sehemu kubwa ya biashara na ya vinu vya pamba ilikuwa mikononi mwa Waasia, na Mwafrika aliyetaka kuingia aliukuta mlango mwembamba. Mtu angeweza kuyasema hayo bila kumwonea mtu. Lakini mimi sikusema habari za uchumi. Nilimtoa rafiki yangu ili nipate makofi, naye hakuwapo kujibu.

Nimelifikiri jambo hili kwa miaka mingi, na naona kwamba swali letu lina majibu matatu. Mawili ndiyo tunayowapa watoto mara kwa mara, na yote mawili yana upungufu.

Jibu la kwanza ni lile la mama yangu: utapata mwingine. Nia yake ni njema, na kwa namna moja ni kweli, kwani watoto wengi hupata marafiki wengine. Lakini hebu tulitazame neno lenyewe. "Mwingine" ni neno linalofaa kwa kikombe kilichovunjika au daftari lililojaa. Tunapolitumia kwa rafiki tunamwambia mtoto kwamba alichokuwa nacho kilikuwa ni nafasi tu ya dawatini, na kwamba yeyote atakayeketi hapo atafaa sawasawa. Mtoto mwenye akili ataongeza hesabu mwenyewe: ikiwa rafiki yangu anaweza kubadilishwa hivyo, basi na mimi kadhalika.

Nyuma ya jibu hilo imesimama methali tunayoifundisha sote: asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii ina hekima yake pale chakula kinapogawanywa, au pale mtu anapokosa mkutano kwa uvivu kisha akalalamikia maamuzi. Lakini ikifanywa kuwa sheria ya moyo ni katili. Mimi nimeiona ikitekelezwa neno kwa neno. Mwaka 1972 na 1973 wasiokuwapo walikuwa wengi, na vyao kweli havikuwapo: maduka, nyumba, vitanda na mizani viligawiwa watu wengine. Nasi watoto tuliokuwa tukitazama tulijifunza, bila kuambiwa, kwamba hata jina la asiyekuwapo ni mali ya kugawana.

Jibu la pili limekaa upande mwingine kabisa. Nalo husema: mwandikie kila juma, usimsahau hata siku moja, urafiki wa kweli haujali umbali. Jibu hili hupendwa sana katika vitabu vya kusomea, na watoto hulipokea kwa moyo wote. Barua ya kwanza huwa na kurasa nne, ya pili mbili, ya tatu huja baada ya Krismasi. Siku hizi simu imechukua nafasi ya barua, lakini mwendo ni ule ule, kwa maana simu si ya mtoto, na aliye mbali ana mchezo mpya, wimbo mpya na mwalimu mpya ambao mwenzake hawajui. Kiswahili chenyewe kinatuonya hapa. Neno "rafiki" limetoka katika Kiarabu, na huko asili yake ni mwenzi wa safari. Safari zikitengana, mazungumzo nayo hupungua, na hilo si kosa la mtu.

Aristoteli, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya nne kabla ya Kristo, alilitafakari jambo hili. Alisema kwamba umbali hauvunji urafiki wenyewe, bali huvunja matendo yake. Lakini kutengana kukiwa kwa muda mrefu, urafiki nao husahaulika. Ni maneno ya mtu aliyeyatazama mambo yalivyo. Kwa hiyo tukimwambia mtoto kwamba urafiki ni kuandikiana, siku barua zitakapokoma atajihukumu kuwa ni mwongo, au atamhukumu mwenzake, na mara nyingi hukumu zote mbili si za haki. Hata hivyo Aristoteli huyo huyo aliuliza, watu waliokuwa marafiki wakiisha kuachana kwa kuwa mmoja amekua na mwingine hakukua, je, waishi kama kwamba hawakujuana kamwe? Akajibu kwamba la, kuna kitu ambacho wanawiwa kwa ajili ya ukaribu uliokuwapo zamani. Hakufafanua sana kitu hicho ni nini. Nadhani Kiswahili kina neno lake.

Neno hilo ni amana. Walimu wenzangu wanajua uzito wake. Kitu cha amana si changu, ingawa kimo nyumbani mwangu. Sikukinunua wala sikupewa zawadi. Siruhusiwi kukitumia kwa faida yangu, wala kukiacha kiharibike kwa kuwa mwenyewe anakawia. Tena wajibu wangu haupungui hata kama mwenyewe hatarudi.

Rafiki anayehama huacha amana mbili. Ya kwanza ni siri zake: hofu zake, aibu za nyumbani kwao, siku aliyolia na sababu iliyomliza. Ya pili ni jina lake. Maadamu yupo, jina lake analilinda mwenyewe. Akisingiziwa atajibu, na asipoweza kujibu atapigana. Akiisha kuondoka, jina lake hubaki mikononi mwa yule aliyemjua kuliko wengine. Yeye ndiye shahidi, na pengine shahidi wa pekee. Kwa hiyo wajibu unaobaki si kuendelea kucheza pamoja, maana hilo haliwezekani, wala si kulia daima, maana hilo halifai. Ni kusema kweli juu ya asiyekuwapo pale ambapo uongo una faida.

Itaulizwa kama si kumbebesha mtoto mzigo mkubwa. Nadhani ni mwepesi kuliko ule wa barua za kila juma. Hauhitaji stempu wala salio la simu. Tena humpa mtoto kazi ya kufanya na huzuni yake, badala ya kumwambia aitupe. Itaulizwa pia: je, kama aliyehama alikuwa na makosa ya kweli? Amana ya jina si sifa za kupamba. Kama rafiki alikuwa mwizi wa maembe, shahidi mwaminifu atasema kwamba aliiba maembe, na ataongeza kwamba waliyala pamoja. Na yuko atakayesema kwamba huenda aliyehama amekwisha kunisahau. Huenda. Lakini amana haikutegemea mwenyewe anaikumbuka mara ngapi.

Wajibu huu una upande wa pili, kwani anayekwenda naye huchukua amana. Mtoto anayefika shule mpya huko Mbale hutafuta njia ya kupendwa upesi, na njia iliyo karibu ni kuwachekesha wenyeji kwa habari za kule alikotoka: walivyokuwa washamba, walivyokuwa hawajui hiki wala kile. Hapo huwauza wenzake kwa bei ya kicheko, nao hawapo kujitetea.

Sikuyapata mawazo haya katika vitabu tu. Miaka michache kabla ya kustaafu kwangu, msichana mmoja wa darasa langu alihamia Mbale, mwendo wa kilomita 140 hivi kutoka kwetu, chini ya majabali ya Wanale. Alimwacha mwandani wake. Neno hilo "mwandani" lina "ndani" katika tumbo lake, na kwa kweli wawili hao waliingiana ndani. Haikupita juma moja, wasichana wengine wakaanza kumsema aliyeondoka, kwamba alikuwa na siri fulani ya aibu ya nyumbani kwao. Walikuwa wakibahatisha tu. Aliyejua hasa alikuwa ni yule aliyeachwa. Wakamzunguka chini ya mti wakamtaka asimulie. Mimi nilikuwa dirishani nikisahihisha madaftari, nikasikia. Nikajua pia kilichokuwa katika mizani: akisimulia, atapata marafiki wapya watano pale pale, na juma zima alikuwa akila chakula peke yake.

Akasema, "Mimi simsemi. Hayupo."

Akaondoka akaenda kuketi peke yake. Hakujua kwamba ameigeuza methali nzima. Wakubwa zake wamesema kwa karne nyingi kwamba asiyekuwapo na lake halipo, naye akaufanya ule kutokuwapo kuwa ndiyo sababu ya kulinda kilicho chake. Maneno matatu yale yalinifanya niweke kalamu chini, kwa sababu katika umri ule ule, nilipopewa nafasi ile ile, mimi niliunyosha mkono.

Basi sisi walimu tufanye nini? Kwanza, tuwape watoto nafasi ya kuagana. Mara nyingi mtoto huhamishwa kama gunia. Leo yupo, kesho hayupo, na darasa hupata habari kwa mstari mwekundu. Tukumbuke kwamba neno "kuagana" lina maana mbili katika lugha yetu: ni kupeana kwaheri, na ni kuwekeana ahadi, ndipo tulipopata "agano". Lugha ilikwisha kuona kwamba watu wawili wakiagana vizuri, kuna jambo wamefungana. Robo saa ya Ijumaa inatosha. Pili, tuache kusema "utapata mwingine" kana kwamba tunazungumza habari za kikombe. Tuseme, "Huyo ulikuwa naye. Mwingine ukimpata atakuwa wa pili, si badala yake." Tatu, na hili ndilo kubwa, darasa linapoanza kumsema aliyeondoka, hasa pale redio na watu wazima wanapolisema kabila lake au taifa lake lote, mwalimu asiulize ni faida gani imepatikana. Aulize: "Nani kati yenu anamjua?" Kisha angoje. Atanyosha mkono mtoto mmoja, na huyo ndiye asikilizwe.

Sheria ya mwaka 1982 ilifungua njia ya kurudishiwa mali Waasia waliofukuzwa, na katika miaka ya 1990 baadhi yao walirudi Jinja na kuyafungua tena majengo yao. Milima haikutani, binadamu hukutana, tunasema. Mimi nilipita mara nyingi mbele ya maduka yale, nikitazama nyuso za wanaume wa umri wangu. Sikumwona, au nilimwona nisimtambue. Kopo la bati lingali kwangu, na idadi ni ile ile. Siku hizi sijisifu kwa hilo. Gololi zilikuwa nusu ya amana iliyokuwa rahisi.

Nusu ya pili nilipaswa kuilinda darasani, mbele ya watoto wapatao 40, na sikuilinda. Nilisema kwamba walikuwa wezi. Baba yake hakuwa mwizi. Mizani yake ilikuwa sawa, na sukari aliyotukopesha tulikunywa nayo chai. Nimechelewa zaidi ya miaka 50 kuyasema haya, na wengi niliopaswa kuwaambia hawapo tena. Lakini nayasema.